Neno Nililolibakiza Busawe

Fundi Salimu, shikamoo.

Najua hutaitikia. Lakini kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kushika karai kabla sijakuamkia, na wewe hukuwahi kuanza kunigombeza kabla hujasema marahaba, kwa hiyo acha tuendelee hivyo hivyo. Ni mimi Bhoke. Yule uliyekuwa ukisema ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Kuna neno moja la Busawe sikukutafsiria. Ulikuwa na haki ya kulisikia ukiwa hai. Nilikuwa najiambia nitamwambia kesho, nitamwambia tukimaliza paa, nitamwambia akipata nafuu, mpaka ukafa. Nalitaja hapa juu kabisa kwa sababu najijua, nikilisogeza chini nitalikwepa tena.

Kwanza habari za nyumbani. Mama Idi ametoka eda wiki iliyopita. Hajambo, amepungua mwili lakini ameanza kucheka. Kile kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya hakuna anayekikalia. Juzi mgeni alitaka kukivuta, tukashtuka wote mpaka naye akaogopa. Idi amechukua mwiko wako. Timazi alinipa mimi, akasema baba aliagiza. Nilipoishika ile kamba iliyolainika kwa vidole vyako nililia, Fundi, kuliko nilivyolia siku ya msiba.

Maana siku ya msiba hata sikulia sawasawa. Nilibaki uani na wanawake, tukasikia wanaume wakiondoka na jeneza, basi. Kwetu Tarime ningefika kaburini. Sikubishana, kila watu wana utaratibu wao, ila liliniuma kwamba mimi niliyekuchanganyia udongo miaka yote hiyo sikukutupia hata konzi moja.

Unakumbuka tulivyogombana baada ya lile tetemeko? Watu wamelala chini ya maturubai, mawingu ya masika yanajikusanya, kila mji unakuita njoo utujengee, na wewe hutaki kuweka hata tofali moja. Unataka kwenda kusikiliza. Tukapanda pikipiki moja watatu, dereva, wewe na mimi nyuma nimeshika mfuko wa vifaa ambavyo hatukuvitumia hata kimoja, tukazunguka Manchira, Issenye na Busawe, mji kwa mji, boma kwa boma, kunywa chai za watu. Na maswali yako yalikuwa matatu tu. Ulikuwa wapi? Nini kilianguka kwanza? Nini kilibaki? Nilikuambia wazi kwamba huu ni uvivu uliovaa kofia. Hukukasirika. Ulisema, "Bhoke, kifusi hakisemi. Wenye nyumba ndio wanasema."

Njiani kurudi ulikuwa unanihoji kama mwalimu wa darasa la nne. Haya, Manchira, kwa yule mama mwenye mapacha, nini kilianguka kwanza? Nikichanganya mji na mji unasonya mpaka dereva anageuka. Hukuandika kitu. Ulisema karatasi inalowa, kichwa hakilowi. Ndivyo nilivyoyashika maneno yao. Yule mama wa Manchira alisimulia kwamba alikuwa anafua bwawani, akaona maji yakipanda ukingoni na kurudi kama maji ya karai lililobebwa na mtu mlevi, akajua nyumbani hakuna nyumba. Alivyofika akakuta kuta ndefu zimesimama na zile pembe za juu zinazobeba paa ndizo zimeingia ndani. Ulimuuliza mara tatu, pembe tu? Pembe tu. Na watu wanne baadaye wakasema vilevile. Toka hapo hukujenga tena pembe ya tofali, ukawa unafunga mbao na bati, na watu wakacheka kwamba fundi ameishiwa tofali.

Na yule mzee wa Issenye asiyeona. Yeye alikumbuka tetemeko jingine la utotoni mwake, ambalo hakuna aliyekuwa akilikumbuka tena. Alisema baba yake aligoma kujenga tena kwenye udongo mweusi wa mbuga, akahamisha mji mzima kupanda juu kwenye moramu ngumu, ndugu zake wakamwita mwendawazimu. Nyumba ya baba yake ndiyo tuliyokuwa tumekaa ndani tukimsikiliza. Uligusa ukuta ule kwa kiganja kama unapima homa. Njia nzima ulisahau hata kunihoji. Siku ile ndiyo niliacha kukuita mvivu.

Sasa Busawe.

Mji wa Mzee Chacha. Unamkumbuka, mrefu, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Alikaa kwenye kigoda chake, majirani watatu pembeni, sisi kwenye benchi. Wazee wetu Kiswahili wanakijua, lakini simulizi ikipamba moto wanakiacha nje na kuingia Kikurya, na wewe, miaka thelathini Mugumu tangu utoke Tanga, Kikurya chako kilikuwa salamu na majina ya vyakula. Ndiyo maana ulinibeba. Ukamuuliza alikuwa wapi. Akasema mnadani, ameswaga madume mawili. Nini kilianguka kwanza? Akanyoosha fimbo, kona ile ya upande wa zizi. Kwa nini ile? Akasema kwa sababu tetemeko lilitokea upande ule.

Mama Gati, mkewe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na ungo mkononi. Akasema kwa Kikurya, sauti yake si kubwa wala si ya kunong'ona: kona ile imekaa juu ya shimo letu la udongo. Tangu enzi za mama mkwe wangu tulichimba pale udongo wa kukandikia nyumba, na mimi mwenyewe nimelijaza majivu na samadi miaka na miaka mpaka likawa sawa na uwanja.

Ukaniangalia. Mtu akisema nje ya zamu ulikuwa unaniangalia mimi. Ukaniuliza, "Mama anasemaje?"

Nikasema, "Anauliza kama chai iongezwe."

Ukafurahi. Ukasema mwambie asante, iongezwe. Na Mama Gati, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri kuliko wewe ulivyowahi kusikia Kikurya, akaweka ungo chini, akaleta birika, akakumiminia. Hakuniangalia.

Ndilo hilo neno, Fundi.

Utaniuliza kwa nini, na utaniuliza ukiwa umeshika kiuno. Kwetu mke hamkatizi mume mbele ya wageni. Akikatiza chinichini, wote mnajifanya hamkusikia na mji unabaki na heshima yake. Kulitafsiri ni kulisema mara ya pili, kwa lugha ya kila mtu, mbele ya majirani, na safari hiyo anayemkosoa mzee ni mimi, mwanamke aliyerudishwa kwao. Unajua kilichonirudisha kwetu. Nilimjibu baba mkwe barazani. Nilikuwa na haki, kila mtu alisema nina haki, na bado nilifunga virago. Kwa hiyo siku ile Busawe nilivyoumeza ule ulimi nilijisifu. Nilijiambia, ona, Bhoke amekua.

Kibaya zaidi ni kwamba nilijua maana yake palepale, kwamba chini ya kona ile hakuna ardhi ya kubeba ukuta. Wewe hukuwahi kukandika nyumba. Mimi nimekandika ya mama yangu na ya mama mkwe wangu. Wanaume wanasimamisha miti na kuezeka, udongo ni kazi yetu, tunauchimba sisi, tunaukanyaga sisi, na mashimo yake tunayajua sisi. Mwanaume anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka kwenye mji asijue lilipo shimo la udongo, kwa sababu hajawahi kutumwa huko. Tulizunguka wilaya nzima tukiuliza wanaume habari za kuta. Tena wanaume waliokuwa mnadani! Swali lako la kwanza lilikuwa zuri kabisa, ulikuwa wapi, ila tulikuwa tukishajibiwa tunamsikiliza vilevile aliyekuwa mbali. Na mimi niliyepaswa kulishtukia hilo nilikuwa bize na adabu.

Ukajenga palepale. Ulijenga vizuri, msingi wa mawe, mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, pembe za mbao. Nilivyokuwa nachota zege la kona ile mikono ilikuwa mizito. Ulidhani nimechoka, ukanituma kivulini.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, masika yalikuwa yamekolea, ardhi ikatikisika tena. Kidogo tu, vikombe viligongana kabatini, hakuna aliyeumia. Lakini kona ya Mzee Chacha ilizama na ukuta ukapasuka, ufa wa kuingiza mkono. Habari ikafika Mugumu kabla ya mtu yeyote kuipima: nyumba ya Fundi Salimu imepasuka. Miji saba uliyojenga Busawe, watu wakatoa magodoro nje, wakarudi chini ya maturubai kwenye mvua, na watoto, Fundi. Mzee Chacha ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. Alisema fundi Mswahili alikunywa chai yake akamjengea kaburi. Idi alikuja kwangu analia, mtu mzima yule na ndevu zake. Alikuwa na kazi mbili amekubaliana na watu, wote wakamwambia asubiri kwanza. Aliniuliza, "Dada Bhoke, ulikuwepo. Baba alikosea wapi?"

Nilimwambia nitaenda kuangalia. Yaani hata hapo nilikwepa.

Nikaenda. Niliipima kona ile kwa timazi yako, na ile kamba ilivyokaa mbali na ukuta nikajua hakuna haja ya kupima kingine. Nilivyoinua kichwa Mama Gati alikuwa mlangoni pa jiko, palepale. Macho yakakutana. Angeweza kusema, na asingekuwa na kosa. Hakusema. Alikuwa ananingoja, hivyo ndivyo nilivyoona. Na mimi niliaga nikaondoka, Fundi. Nilipanda bodaboda nikaondoka.

Wiki nzima nilibishana na wewe kichwani. Nikasema marehemu hadhuriki. Nikasema nikilitoa namvunjia heshima mzee wa watu uzeeni, na mkewe anaweza kupigwa, na mimi nani atanipa kazi tena, fundi aliyejua shimo akanyamaza? Nikasema Idi atapata kazi Tarime, hawamjui huko. Kila nikimaliza kupanga maneno nawaona watu wa miji saba kwenye tope, nyumba zao sita hazina hata ufa, wanaziogopa kwa sababu ya jina lako, na jina lako limechafuka kwa sababu ya ulimi wangu. Siku ya nane nikamfuata Idi, nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Akavaa viatu. Akasema twende.

Tulimkuta Mzee Chacha kwenye kigoda, na majirani walewale, maana siku hizi wote wanashinda pale kuulizana watafanyaje. Tukaamkia. Nikapiga magoti, nikasema, "Tata, kuna neno la nyumba hii lilibaki kwangu. Fundi hakuambiwa." Nikalisema lote, kwanza kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili ili Idi asikie, la shimo na majivu na samadi, na la chai. Nikasema mama alisema na mimi nikadanganya.

Nilingoja anifukuze. Alikuwa anaangalia fimbo yake. Mama Gati alikuwa ametoka jikoni amesimama uwanjani, na majirani hawakujua waangalie wapi. Na mimi kwa woga wangu wote wa miaka ile nilikuwa sijawahi kujiuliza jambo dogo kabisa, kwamba mzee naye ana masikio, na Kikurya ni lugha yake.

Akasema, "Nililisikia."

Hivyo tu. Kisha, polepole, akasema aliliona ni maneno ya jikoni. Akasema kona ilivyozama alilikumbuka siku ileile, na akaona ni rahisi kumsema mtu asiyeweza kujibu. Mbele ya majirani wote alisema. Sijawahi kuona mzee wa kwetu akifanya hivyo, na sidhani kama nitaona tena. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Tukachimba siku ileile. Idi aliegemeza ukuta kwa magogo, tukafukua chini ya kona, na udongo ukaanza kutoka wa kijivu, kisha mweusi, kisha majivu matupu, kibuyu kilichovunjika, mifupa ya kuku. Ufito wa mita mbili ulizama kama kwenye uji. Msingi wako wa mawe ulikuwa umening'inia juu ya samadi na bado haukukatika, mkanda wa zege ulikuwa umeushika ukuta mzima. Idi aliupapasa, akaita kila mtu aje aone. Hao waliokuwa wanasema fundi mbovu wakawa wanaingiza vichwa shimoni mmoja mmoja kuangalia kazi yako kwa chini.

Tulishuka mpaka kwenye moramu, tukapanda na mawe na zege, kipande kwa kipande kama ulivyonifundisha, usifukue pote kwa mpigo. Mawe walileta wanawake. Na kazi ilivyosimama kungoja zege likauke, Mama Gati akafunga kanga kiunoni, akasema sasa twende. Akatupeleka miji ile sita, na kila tulipofika aliwaita mabibi na wakamwana, wakatuonyesha. Hapa tulichimba sisi. Pale alichimba bibi yake fulani, kabla ya ndoa yangu. Walikuwa wanabishana wao kwa wao, wanacheka, wanapima kwa hatua kutoka kwenye mti au jiwe. Nyumba tano ziko mbali na mashimo, moja iko hatua nne tu kutoka kwenye shimo, hiyo tutaizungushia mawe kabla ya vuli. Magodoro yamerudi ndani. Nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Nimevunja agizo lako moja, sasa naandika. Nina daftari, limo kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, usinisonye. Nimeanza na Manchira, na mzee wa Issenye asiyeona, ambaye naye ametutoka. Mwalimu mmoja wa sekondari pale Issenye ameniomba nikawaeleze wanafunzi habari za tetemeko, nikawaambia habari si kwangu, waende kwa bibi zao wakaulize shimo la udongo liko wapi. Walicheka. Juma lililofuata walirudi na madaftari yamejaa.

Na maswali yako yamekuwa manne, Fundi, utanivumilia. La nne ni hili: nani alikandika? Nikishajibiwa naomba huyo aitwe, namngoja akae, akiwa na unga mikononi namngoja anawe. Nakuahidi sitaweka tofali kabla hajasema. Na nakuahidi nikisimama katikati ya watu wawili kupeleka neno, nitalifikisha lilivyo, liwe la heshima au la kuvunja heshima, mwenyewe ataamua la kulifanya. Idi anakusalimia. Amepata zile kazi mbili. Pumzika, mwalimu wangu. Nisamehe ukiweza, na kama bado hujaweza nitakuandikia tena.

Nakuletea na salamu moja. Siku ya kuondoka Busawe Mama Gati alinisindikiza mpaka barabarani, akangoja nami mpaka bodaboda ikaja. Nilivyopanda akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili, ili nisipate pa kupunguza:

"Mwambie fundi wako mimi sikuuliza habari ya chai."

Nimekuambia.

Bhoke